Kauli ya Mgonjwa wa Moyo Kabla ya Kuzidiwa

Mhadhara kwa wakazi wa Mfaranyaki, Songea



Jambo nililoombwa kulisema mbele yenu halipendezi masikioni, na najua ya kuwa miongoni mwenu wamo waliolisikia tangazo lake wakanong'onezana kwamba kuyataja mauti ilhali mgonjwa angali hai ni kuyaita mlangoni. Sitawalaumu. Mtu aliyelelewa katika adabu zetu huona haya kuyasema haya, na haya hiyo ina heshima yake. Walakini nimekuja na dai moja, nalo nitalitaja mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutosha wa kulipinga moyoni mwake: mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi apaswa kuulizwa matakwa yake siku akiwa na nafuu, ameketi kibarazani, pumzi zake zimetulia, na aulizwe yeye mwenyewe jamaa zake wakiwapo, badala ya jamaa kuulizwa pembeni yeye akiwa amelala wodini hajui linalosemwa.

Nianze na maradhi yenyewe, kwa maana tabia yake ndiyo inayolifanya suala hili kuwa gumu kuliko lilivyo katika maradhi mengine. Tunasema mitaani kwamba fulani moyo wake umepanuka, au umechoka, au umejaa maji, na semi zote hizo zina ukweli ndani yake. Moyo ukidhoofika hausukumi tena damu ya kutosha, na mafigo, yakidhani ya kuwa mwili umekaukiwa, huanza kuhodhi chumvi na maji. Maji hayo huteremka miguuni, hupanda tumboni, na mwisho huingia mapafuni, hata mtu aliyezoea kulala kwa mto mmoja akahitaji mitatu, kisha akaacha kulala kabisa akawa anakesha ameketi, akiomba afunguliwe dirisha katika baridi ya Songea ya mwezi wa Juni. Akipelekwa hospitali hutiwa dawa ya kukojoza maji katika mshipa, na baada ya siku chache hurejea nyumbani amepungua uvimbe, anacheka, anaulizia shamba. Hapo ndipo jamaa husema amepona.

Hajapona. Mwendo wa maradhi haya ni wa mtu anayeteremka mlima wenye vilima vidogo vingi njiani, ambaye kila akipanda kilima kimoja hudhani anarudi juu, na wanaomtazama kwa mbali hudhani hivyo hivyo, ilhali kila kilele anachokifikia ni cha chini kuliko kile alichokiacha. Aliye na saratani iliyoenea, aghalabu hushuka kwa mwendo unaoonekana na kila mtu, na jamaa hupata kujiandaa. Mgonjwa wa moyo huwapa jamaa zake furaha mara nyingi kabla ya kuwapa msiba, na mara nyingine msiba wenyewe huja kwa ghafula, katika wiki ambayo alikuwa akitembea sokoni, kwa sababu moyo uliodhoofika waweza kupoteza mapigo yake na kusimama bila ya kutoa ishara. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki kabla ya siku 180 kutimia. Dawa zimezidi kuwa bora tangu hapo, na mgonjwa anayezimeza kila siku bila ya kuruka, akipunguza chumvi, aweza kuongezewa miaka mizuri. Hilo nalisema kwa msisitizo, nisije nikafahamika kuwa nawaambia watu waache vidonge wakangoje. Nasema tu kwamba hakuna tabibu, hata akiwa bingwa, awezaye kuutaja mwezi, na kwa kuwa hakuna awezaye kuutaja, kungoja mpaka ijulikane kuwa wakati umefika ni kungoja kitu kisichokuja kwa hodi.

Kuna jambo la pili katika maradhi haya kama yalivyo huku kwetu. Tabibu Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia watu wazima 427 wenye maradhi ya moyo kushindwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na taarifa yao, iliyotoka mwaka 2014, ilionyesha kuwa wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 55, na kuwa chanzo kwa wagonjwa 45 katika kila 100 kilikuwa ni presha ya kupanda, kikifuatiwa na udhaifu wa misuli ya moyo wenyewe, na kisha maradhi ya vali ambayo aghalabu huanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Huko Ulaya na Marekani maradhi haya kwa sehemu kubwa ni ya watu waliokwisha kustaafu, waliopita miaka 70. Mtu wa miaka 55 hapa Songea hajastaafu na chochote. Ana mtoto kidato cha pili, ana ekari za mahindi upande wa Namtumbo zinazongoja mbolea, ana deni la mwenziwe, na pengine ana mama mzazi anayemtegemea. Wala simsahau yule mama kijana ambaye moyo wake umepanuka miezi michache baada ya kujifungua, akiwa na kichanga mgongoni. Kwa hiyo vitabu vya ng'ambo vinapoeleza mazungumzo haya kwa kuuliza kama mgonjwa ataka kifua chake kibonyezwe moyo ukisimama, au kama ataka chombo cha umeme kilichopandikizwa kifuani kizimwe, vinauliza maswali ya kwao. Ya kwetu ni mengine, na nitayafikia.

Kwanza lakini inanibidi nikae kidogo na ile desturi ya kuficha, kwa kuwa ndiyo inayoshika ufunguo wa mlango huu.

Mnaijua namna inavyokwenda. Tabibu akisha kutazama kipimo cha moyo, humwita mtoto mkubwa au kaka wa mgonjwa, wakatoka nje kidogo, wakasimama ukumbini karibu na ukuta, na hapo maneno mazito husemwa kwa sauti ndogo. Kaka hurudi kitandani na uso aliouosha, akasema, "Daktari anasema unaendelea vizuri." Mgonjwa, ambaye amewaona kwa jicho la pembeni tangu walipoinuka, hujibu, "Namshukuru Mungu." Tangu saa hiyo nyumba nzima huingia katika mchezo wa kujificha ambao kila mchezaji anajua alipo mwenzake. Mgonjwa anajua kwamba hatapona, maana ni yeye anayeshindwa kufika chooni bila ya kupumzika mara mbili, jamaa nao wanajua, na kila mmoja anamsitiri mwenzake asijue kile anachokijua. Nia ni njema kabisa. Ni mapenzi. Lakini tunda lake ni kwamba mtu hufa katika upweke ndani ya nyumba iliyojaa watu, na neno alilotaka kumwambia mkewe juu ya lile shamba, au juu ya mtoto yule wa nje ambaye ukoo haumjui, hufa pamoja naye.

Wanaoitetea desturi hii husema mambo mawili. Husema kwamba mgonjwa akiambiwa atakata tamaa, na kwamba kuyataja ni uchuro. Juu ya la kwanza nasema kwamba tamaa ya mgonjwa haikai mahali pamoja. Leo anatumaini kupona. Kesho anatumaini kuhudhuria kipaimara cha mjukuu. Kesho kutwa anatumaini kulala usiku mmoja bila ya kukabwa na pumzi, na kuzikwa kando ya baba yake. Tumaini la mwisho si dogo kuliko la kwanza kwa yule anayelitumaini, na hawezi kusaidiwa kulifikia endapo kila anayemkaribia anamlazimisha kushikilia la kwanza peke yake. Juu ya uchuro sina hoja ya kitabibu. Nitauliza tu: sisi tunaoogopa kumchuria mgonjwa kwa maneno, mbona hatuoni uchuro kushonesha sare ya msiba kwa simu za siri ilhali yeye yu hai chumba cha pili? Hili nimelisikia likitendeka katika nyumba zaidi ya moja, na si hapa Mfaranyaki tu.

Huko Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, watafiti waliwasikiliza wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu na wagonjwa 20 wa moyo kushindwa, na taarifa yao ya mwaka 2002 ilieleza kuwa wale wa moyo walikuwa wameelezwa machache zaidi juu ya hali yao, na kupewa msaada mchache zaidi, kuliko wale wa saratani, ijapokuwa wote walikuwa wakielekea mahali pamoja. Nalitaja hili kwa sababu moja tu, isije ikadhaniwa kwamba kunyamaza ni ugonjwa wa Waafrika. Hata kule ambako watu hujisifu kwa kusema mambo waziwazi, moyo umewanyamazisha.

Wala si kweli kwamba mila zetu za Kiswahili hazina mfano wa kusema. Yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, akiwa amelemewa na maradhi, alimwita binti yake Mwana Hashima, akamtaka alete wino na karatasi, akamtungia utendi wa nasaha ambao hadi leo husomwa kotekote pwani. Wengi huusoma utendi ule kwa ajili ya mafundisho yake juu ya ndoa, na wa siku hizi wakabishana nao; mimi huutazama kwa ajili ya saa ulipotungwa. Mwana Kupona hakungoja sakarati. Alikuwa mgonjwa, na alijua kuwa ni mgonjwa, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi na akili yake kamili, na alifariki miaka kadhaa baadaye. Binti yake, aliyekuwa angali msichana, hakuambiwa na shangazi ukumbini. Aliketishwa akasikia kwa mdomo wa mama yake.

Dini nazo, zote mbili zenye waumini wengi mjini humu, haziko upande wa wanaoficha. Mwislamu hufundishwa kwamba aliye na kitu cha kuusia hapaswi kulala usiku kadha wa kadha bila ya wasia wake kuwa umeandikwa karibu naye, na mafundisho hayo yalielekezwa kwa wazima kama yalivyoelekezwa kwa wagonjwa. Na Wakatoliki, ambao Wabenediktini wa Peramiho waliwajengea hospitali hapo jirani, watapenda kukumbuka kwamba mnamo Novemba 24, 1957 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu matabibu waliomwuliza kuhusu mashine za kupumulia, akawaeleza kuwa mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kuuhifadhi uhai wake, kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati, lakini halazimiki kubeba njia zinazozidi kawaida na kuwa mzigo mzito kwake au kwa mwingine. Hali ya watu, mahali na nyakati: tunapopima safari ya kutoka Songea kwenda Dar es Salaam, maneno hayo yanatuhusu sana.

Na hapa nimefika kwenye maswali ya kwetu. La kwanza na kubwa kuliko yote ni rufaa.

Mgonjwa wa moyo akizidiwa hapa, huhudumiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au hupelekwa Peramiho. Na yakihitajika mambo ya ubingwa zaidi, macho yote huelekea Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyoanza kujitegemea kama taasisi mwaka 2015 na ambayo imeokoa watu wengi wa nchi hii ambao zamani wangekufa wakingoja safari ya India. Sitaki neno langu hata moja lisikike kama la kuwazuia watu wasiende huko. Kijana mwenye vali iliyoharibika, ambaye upasuaji waweza kumrudisha shule, aende hata kama ukoo utauza ng'ombe. Lakini yuko mgonjwa mwingine, ambaye amekwenda, amepimwa, amerudi, ameongezewa dawa mpaka zimefikia kikomo, amelazwa mara tatu katika mwaka, mafigo nayo yameanza kuchoka. Naye akizidiwa usiku, jamaa, kwa kuwa hawajapata kuzungumza naye, hufanya lile ambalo mapenzi yenye hofu hulifanya siku zote: huchangishana, hukodi gari, humpakia na mtungi wa oksijeni, na kuianza safari ya kilomita zaidi ya 900 kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Mikumi. Akifika, akafariki huko baada ya siku chache miongoni mwa nyuso ngeni, huanza safari ya pili, ya kuurudisha mwili, na pengine gharama yake ndiyo iliyokuwa ada ya watoto. Yawezekana alitaka hivyo. Wapo wanaotaka kupigana hadi pumzi ya mwisho, na wana haki ya kupiganiwa. Yawezekana pia kwamba, lau angeulizwa mwezi mmoja kabla, angesema, "Wanangu, mimi safari ya pale nimekwisha kuifanya. Nikizidiwa tena nipelekeni hapa hapa mjini, na ikishindikana nirudisheni nyumbani." Tofauti ya kauli hizo mbili haiwezi kubahatishwa na kaka mkubwa saa nane za usiku.

La pili ni mahali pa kulala milele. Mji huu hauhitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo. Umeitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, na uzao wake umeishi zaidi ya karne nzima ukisema kwamba kichwa chake kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani, hata Novemba 1, 2023 Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Watu wanaobeba jambo kama hilo vizazi vinne hawawezi kusema kwamba kumwuliza mgonjwa atakapozikwa ni neno dogo au neno la kigeni. Mwanamke aliyeolewa Songea kutoka Mbamba Bay, je, ataka kuzikwa kwa mumewe au arudishwe ziwani kwa wazazi wake? Ugomvi wa jeneza ambao tumeushuhudia, pande mbili zikivutana mlangoni, ungaliweza kuzimwa na sentensi moja ya marehemu mwenyewe.

Mengine nitayapita upesi: nani alee watoto, deni lipi lilipwe kwanza, padri au sheikh gani aitwe, nani aombwe radhi. Juu ya mali sitasema sana, kwani wosia wa mali una sheria zake na mashahidi wake, na RITA, ambayo ni wakala wa serikali, hupokea na kuhifadhi nyosia za wanaotaka. Ila ninatoa tahadhari moja, ya kwamba mazungumzo haya yasianze na mali. Yakianza na mali, mgonjwa hudhani anaharakishwa, na ndugu hudhani mwenzao anajipendekeza; nyumba ikigawanyika namna hiyo, hata neno la padri gani aitwe halitasemeka tena.

Yaanze vipi, basi?

Yaanze siku ya kliniki au siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mgonjwa akiwa amevaa nguo zake mwenyewe. Tabibu au muuguzi avute kiti aketi, maana aliyesimama na kalamu mkononi hasikilizi hata kama masikio yake ni mazima. Amwamkie kwa heshima ya umri wake, amwite baba, mama au bibi, kisha aulize swali ambalo halina mauti ndani yake: "Baba, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa huu ulio nao?" Jibu litakalokuja litamwonyesha mlango. Mmoja atasema yuko tayari kuyasikia yote. Mwingine atasema amerogwa na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na hapo muuguzi asicheke wala asikimbilie kusahihisha. Aulize ni nini kilichomfanya aone hivyo, na kama kwa ajili hiyo ameviacha vidonge. Wa tatu atasema, "Hayo mwambieni mwanangu," na hilo nalo ni jibu halali la mtu mzima. Mgonjwa ana haki ya kutotaka kujua. Kinachotofautiana na ile desturi ya ukumbini ni kwamba sasa ni yeye aliyeamua, na aliyekabidhiwa neno amekabidhiwa naye.

Baada ya hapo aulizwe: "Ni jambo gani linalokuondolea usingizi?" Aghalabu hatataja kifo. Atataja ada, au yule binti aliyeachika, au hofu ya kukabwa na pumzi usiku wenziwe wakiwa wamelala. Kisha, baada ya kunyamaza kwa muda unaostahili, ambao watumishi wetu wengi, kwa foleni waliyo nayo mlangoni, huuona mrefu mno: "Na ikitokea siku umezidiwa hata usiweze kusema, ungependa nani atusemee kwa niaba yako?" Swali hili la msemaji ni zuri kuliko mengine yote. Halimlazimishi mtu kukiri kwamba anakufa, na wakati huo huo linafunga mlango wa ugomvi. Tena mara nyingi jina linalotajwa huwashangaza wote, akaachwa mtoto wa kwanza aliye Dar es Salaam akatajwa mkwe wa kike anayempikia uji kila siku bila ya chumvi.

Najua nitaulizwa habari ya ukoo. Vitabu vya ng'ambo humwona mgonjwa kama mtu aliye peke yake chumbani na tabibu wake, na sisi hatuishi hivyo. Mtu wetu, hata akiwa na elimu kubwa, akiulizwa jambo zito hugeuka kumtazama mkewe kwanza. Mimi siutaki upweke huo wa kigeni. Nataka kikao cha jamaa, kama tunavyokaa kwa posa na kwa msiba, mjomba awepo, shangazi awepo, lakini mgonjwa awe ndiye mwenye kikao, asemeshwe kwanza, na wazee wajizuie kumjibia. Wazee wangu mnisamehe. Kumjibia mtu ni tabia inayotushika sana tukishapita miaka 60.

Mgonjwa akisha kusema kwamba hataki kuhangaishwa tena, jamaa huuliza swali la haki kabisa: "Kwa hiyo ndiyo tumwache?" La. Ipo tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kuyaondoa maumivu na kumpa mtu faraja ya mwili na roho, hata pale ambapo maradhi hayaondoki. Katika Afrika ya Mashariki ilianza kwa wagonjwa wa saratani: Nairobi walifungua nyumba ya huduma hiyo mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha nyingine akitumia mofini ya maji ya bei nafuu inayonywewa nyumbani; hapa nchini Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ni miongoni mwa walioitangulia njia. Wagonjwa wa moyo walisahauliwa kwa muda mrefu, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani, katika hesabu zake za mwaka 2014, lilikadiria kwamba kati ya watu wazima wanaohitaji huduma hii mwishoni mwa maisha, walio na maradhi ya moyo na mishipa ya damu ni zaidi ya 38 katika kila 100, wakiwapita hata wa saratani, ambao ni 34.

Tiba shufaa ya moyo ina tofauti moja ambayo ni lazima jamaa waifahamu. Katika maradhi haya vidonge vya kutoa maji vyenyewe ni faraja, kwa kuwa maji yakipungua mapafuni ndipo pumzi inaporudi. Kwa hiyo kuchagua kubaki nyumbani hakuna maana ya kuacha dawa, ila tabibu atapunguza zile ambazo hazina tena faida na kuzishika zile zinazoleta nafuu. Pumzi ikikaba bado, matabibu wengi hutoa mofini kwa kadiri ndogo sana, chini ya uangalizi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Aliyepewa kwa namna hiyo hageuki mteja wa dawa za kulevya, kama wengi wanavyohofu. Mgonjwa ainuliwe kwa mito, dirisha lifunguliwe, apepewe usoni. Mambo haya yaonekana madogo kwa asiyewahi kukosa hewa.

Neno langu la mwisho ni juu ya kubadilika kwa kauli. Katika hospitali za Marekani waliulizwa wagonjwa 936 wa moyo kushindwa kama wangetaka moyo wao ushtuliwe endapo ungesimama, na taarifa ya mwaka 1998 ilieleza kwamba yapata robo walikataa. Walipoulizwa tena baada ya miezi miwili, wawili katika kila watano wa wale waliokataa walikuwa wamegeuza nia. Hawakuwa vigeugeu. Pengine walikuwa wamepata nafuu, na mwenye nafuu huyaona maisha kwa jicho lingine. Kwa hiyo lililosemwa lisigeuzwe sheria ya kumfunga aliyelisema. Liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa wa nyuma wa daftari lake la kliniki: jina la msemaji wake na namba ya simu, anavyotaka juu ya rufaa, anakotaka kuwa akizidiwa, mtu wa dini wa kuitwa, na tarehe. Nakala ikae kwa huyo msemaji, na kila siku ya kliniki muuguzi, kabla ya kupima presha, ausome ukurasa huo mbele ya mgonjwa na jamaa aliyemleta, kisha amwulize kama kauli ni ile ile au kuna la kubadili.